Mate, Hisa na Kaida za Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Utafiti Unaovuka Biokemia, Tabia za Wawekezaji na Anthropolojia

Utafiti unaogusa taaluma tatu kwa mpigo huharibikia mara nyingi mahali pamoja: pale kipimo cha taaluma moja kinapopewa kazi ya kuisemea nyingine. Mate yanaweza kukuonyesha kwamba mwili umechangamka. Hayakuonyeshi kwamba mwenye mwili anaogopa hasara. Rekodi ya mauzo inakuambia hisa iliuzwa saa nne na dakika kumi, lakini haitaji sababu. Na mtu anayekueleza kwa utulivu maana ya kile anachokifanya kila asubuhi kabla soko halijafunguliwa anakupa jambo la thamani kubwa, ila maneno yake hayawezi kusimama badala ya mapigo ya moyo wake.

Ili mwongozo huu usielee hewani, nitashika swali moja tangu mwanzo hadi mwisho: je, wawekezaji wanaonunua na kuuza hisa wenyewe, wenye kaida fulani wanayoitimiza kabla ya soko kufunguliwa, huwa wametulia zaidi siku walizoitimiza? Na utulivu huo, kama upo, unabadilisha namna wanavyoshughulika na hasara? Kaida tutaiangalia kwa jicho la anthropolojia, uamuzi kwa rekodi za mauzo, na hali ya mwili kwa kimeng'enya kinachoitwa amilesi, ambacho kimo kwenye mate na kazi yake ni kuvunja wanga.

Hatua ya 1: Likate swali kabla ya kugusa kifaa chochote

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Kwenye kila safu andika sehemu ya swali inayoihusu taaluma hiyo, ushahidi utakaoukubali, na matokeo yatakayokulazimisha useme "nilikosea". Safu ikikosa hilo la tatu, swali bado halijaiva.

Kisha chora mishale. Wengi huchora mmoja tu: kaida huleta utulivu, utulivu huleta uamuzi mzuri. Uchore na ule wa kinyume. Mtu aliyeamka vizuri, ambaye hana mgonjwa nyumbani wala deni linalomsumbua, ndiye mwenye nafasi ya kuitimiza kaida yake bila haraka. Aliyechelewa na kuvurugika ataiacha. Hapo utulivu ndio ulioleta kaida. Usipokuwa na njia ya kuitenganisha mishale hii miwili, data yote utakayoikusanya itakubaliana na hadithi zote mbili.

Nadharia ya kuanzia ipo, tena ni kongwe. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand, karibu na Papua New Guinea, kati ya 1915 na 1918, aliona kwamba wavuvi wa ndani ya wangwa, ambako samaki hupatikana bila hatari kubwa, walitegemea ujuzi wao tu. Waliokwenda bahari kuu, kwenye hatari na kubahatisha, walikuwa na uganga mwingi wa kujilinda na kuhakikisha mavuno. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia George Gmelch alionyesha jambo linalofanana miongoni mwa wachezaji wa besiboli: warushaji na wapigaji, ambao kazi yao ina bahati nyingi, walikuwa na miiko na vitendo vya kujikinga, ilhali kwenye kudaka na kulinda uwanja, ambako karibu kila mpira hudakwa, vilikuwa vichache. Soko la hisa lina bahari kuu yake. Kwa hiyo tarajia kaida ziwe nyingi kwa wanaouza na kununua kila siku kuliko kwa walioweka fedha zao kwenye mfuko na kusubiri miaka 20. Hilo linapimika, na ni vizuri ulipime mapema kabla ya kufika kwenye mate.

Hatua ya 2: Anza uwandani, maabara ije mwisho

Hapa najua napingana na mazoea. Watafiti wengi huanza maabara kwa sababu mashine inaleta namba na namba inaleta heshima. Lakini usipojua kaida yenyewe ni nini, inaanza lini na inaisha lini, hutajua mate uyachukue dakika ipi. Wiki nne za kukaa na watu na daftari mkononi zitakuokolea miezi ya sampuli zisizo na maana.

Kazi ya kwanza ni kutofautisha kaida na mazoea ya kawaida. Kuwasha kompyuta ni mazoea. Sasa mtazame mtu huyu: anapangusa kioo cha kompyuta mara tatu, daima kutoka kushoto kwenda kulia, ingawa mara moja ingetosha na kioo ni kisafi. Anaweka kalamu mbili sambamba juu ya daftari. Moja ikiyumba anaipanga upya. Kisha anagusa ukingo wa meza kwa viganja vyote viwili, anavuta pumzi, ndipo anafungua ukurasa wa bei. Nina maswali matatu ninayoyatumia hapo. Je, kitendo kimezidi mahitaji yake yanayoonekana? Je, mpangilio una uzito, kiasi kwamba kubadilisha hatua ya pili na ya tatu kutamsumbua? Na akikiacha, anahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hakuna kilichoharibika? Majibu yakiwa ndiyo kwa yote matatu, umepata kaida.

Kuwa mwangalifu na jina utakaloliweka. Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribiana hapa, na hayalingani: tambiko linakwenda kwa mizimu, ibada inakwenda kwa Mungu, dua ni ombi, kafara ina kitu kinachotolewa, mwiko ni kukataza. Ukimuuliza mtu "tambiko lako la asubuhi ni lipi?" unaweza kumkasirisha, au ukamfanya aseme hana lolote. Muulize: "Kabla soko halijafunguliwa, unafanya nini kuanzia unapoamka?" Mwache aeleze kwa maneno yake, na neno atakalolitumia yeye liandike kama lilivyo.

Daftari la uwandani lipangwe kwa namna inayotenga mambo matatu: nilichokiona, nilichoambiwa, ninachokifikiri. Nimewahi kusoma madaftari ambamo vyote vimechanganyika kwenye sentensi moja, na baada ya miezi sita hata mwandishi mwenyewe hawezi kuvitenganisha. Sababu ya kutenga ni nzito kuliko usafi wa kazi. Mwanaanthropolojia Victor Turner, aliyefanya utafiti kwa Wandembu wa Zambia miaka ya 1950, aliambiwa kwamba mti wa mudyi, unaotoa utomvu mweupe, ni maziwa ya mama na ni umoja wa wote. Lakini katika sherehe ya kumvusha msichana alikuwa akiona kwa macho yake kwamba mti huohuo unawakusanya wanawake upande mmoja dhidi ya wanaume, na kwamba mama wa mwali anatengwa na mduara wa wanawake wenzake. Maelezo yalisema umoja, vitendo vilionyesha mvutano, na yote mawili yalikuwa kweli. Ndiyo maana Turner alishikilia kwamba maana isomwe kwa njia tatu: wanavyoieleza wenyewe, wanavyoitumia kwa vitendo, na mahali alama ilipo miongoni mwa alama nyingine. Angeyachanganya kwenye safu moja, kitendawili hicho kingempita.

Mwishoni mwa hatua hii uwe na orodha ya washiriki wenye kaida inayoeleweka, dakika inapoanza, dakika inapoisha, na sehemu zake ambazo mwenyewe haziachi kamwe. Ridhaa ichukuliwe kwa maandishi, mara tatu kwa mambo matatu: kutazamwa, kufunguliwa kwa rekodi za fedha, na kutoa mate. Mtu anaweza kukubali moja na kukataa mengine, na fomu imruhusu. Waambie waziwazi kama mate yatachunguzwa vinasaba au la, maana wengi watadhani hivyo bila kuuliza.

Hatua ya 3: Rekodi za mauzo, na kipimo kimoja tu

Kosa la mtafiti wa tabia za wawekezaji huwa si uhaba wa vipimo. Ni wingi wake. Faida ya mwezi, idadi ya mauzo, ukubwa wa oda, muda wa kushikilia hisa, kiwango cha hatari: ukivipima vyote, kimoja kitaonyesha tofauti kwa bahati tu. Mwaka 2016 Campbell Harvey, Yan Liu na Heqing Zhu walipitia mamia ya vigezo vilivyodaiwa kueleza faida za hisa, wakashauri kwamba kigezo kipya kisikubaliwe kwa t (namba ya takwimu inayopima kama matokeo yamezidi bahati tu) ya 2.0 iliyozoeleka, ipande ivuke 3.0, kwa sababu watu wamejaribu mambo mengi mno. Chagua kipimo kimoja kikuu, kiandike, kisajili mahali penye tarehe, ndipo ufungue data.

Kwa swali letu nashauri kipimo cha Terrance Odean cha 1998. Aliangalia akaunti 10,000 za wateja wa kampuni ya udalali ya Marekani kuanzia 1987 hadi 1993, akitaka kujua kama watu huharakisha kuuza hisa zilizopanda na kung'ang'ania zilizoshuka, tabia ambayo Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza mwaka 1985. Ugumu ni kwamba soko likipanda, kila mtu ana hisa nyingi zenye faida, hivyo atauza nyingi zenye faida hata kama hana upendeleo wowote. Odean alilitatua kwa mgawanyo. Siku mtu anapouza kitu, hesabu hisa zake zote zenye faida: ngapi amezivuna, ngapi ameziacha. Fanya hivyohivyo kwa zenye hasara.

Mfano: leo mshiriki ana hisa 8 zilizopanda, ameuza 2, uwiano ni 0.25. Ana hisa 10 zilizoshuka, ameuza 1, uwiano ni 0.10. Tofauti ni 0.15, na hiyo ndiyo namba yako ya siku. Katika data ya Odean yenyewe uwiano wa faida ulikuwa 0.148 na wa hasara 0.098. Desemba mambo yaligeuka, watu wakauza zaidi zenye hasara, kwa sababu ya kodi. Kwa hiyo usikusanye data yako kwenye mwisho wa mwaka wa kodi kisha ukasifu kaida kwa kuwatibu watu woga wa hasara.

Siku ambayo mtu hakuuza chochote haihesabiwi. Hili linauma, kwa sababu huenda utulivu wenyewe ndio uliomfanya asiuze. Hesabu siku hizo kando, na uripoti kama zinatokea zaidi baada ya kaida. Wala usiitumie faida kama kipimo cha uamuzi mzuri. Kwenye wiki chache, faida ya mtu mmoja ni upepo tu wa soko.

Hatua ya 4: Maabara

Amilesi ya mate huongezeka pale mfumo wa neva unaouandaa mwili kwa hatari unapochangamka, ndiyo maana inatumika kama kiashiria cha msongo. Faida yake ni kwamba haihitaji sindano. Shida zake ni nyingi, na kila moja ina dawa.

Ya kwanza ni saa. Amilesi hushuka katika nusu saa ya kwanza hadi saa nzima baada ya kuamka, kisha hupanda polepole mchana kutwa. Ukichukua sampuli moja mara tu mtu akiamka na nyingine baada ya kaida, utaona mabadiliko ambayo yangetokea hata angelala usingizi. Linganisha dakika ileile, mtu yuleyule, siku zenye kaida na zisizo nayo.

Ya pili ni mtu mwenyewe. Idadi ya nakala za jeni inayotengeneza amilesi ya mate inatofautiana sana baina ya watu, kutoka 2 hadi zaidi ya 10, na wenye nakala nyingi wana kimeng'enya kingi. Mshiriki mwenye namba kubwa si lazima awe na wasiwasi zaidi ya mwenzake. Usilinganishe watu. Mlinganishe mtu na nafsi yake.

Ya tatu ni wingi wa mate, na hapa ndipo makala nyingi zinapoteleza. Mpe mshiriki tyubu iliyopimwa uzito, aache mate yadondoke yenyewe kwa dakika 3 bila kutafuna wala kunyonya. Pima tena. Gramu 1 ihesabu kama mililita 1. Tuseme siku ya kwanza zimepatikana gramu 0.9, yaani mililita 0.3 kwa dakika, na amilesi ni yuniti 80 kwa mililita. Zidisha: yuniti 24 kwa dakika. Siku ya pili kinywa kimekauka, mililita 0.2 kwa dakika, na mashine inasoma yuniti 120. Ukiishia kwenye mashine utatangaza ongezeko la asilimia 50. Zidisha: yuniti 24 kwa dakika. Tezi zimetoa amilesi ileile, maji tu ndiyo yamepungua. Ripoti namba zote mbili.

Kabla ya sampuli, saa moja bila chakula, kahawa, sigara wala mazoezi. Mdomo usukutuliwe kwa maji, kisha dakika 10 za kusubiri. Sampuli zigandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Na angalia kifuniko cha tyubu unayoiazima kutoka idara nyingine: amilesi inahitaji kalisiamu na kloraidi, na tyubu za damu zenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, huifunga kalisiamu yote. Utapata sampuli nzuri, zilizoandikwa vizuri, zenye kimeng'enya kilichozimika.

Kwenye kipimo chenyewe, unachanganya mate yaliyozimuliwa, aghalabu mara 200, na dutu ambayo ikivunjwa na amilesi inatoa rangi ya njano, na unasoma ni kiasi gani cha mwanga wa nanomita 405 kinafyonzwa, kwa nyuzi 37. Kwa nini dutu iwe nyingi? Leonor Michaelis na Maud Menten walilijibu mwaka 1913. Dutu inapokuwa kwenye kiwango kinachoitwa Km, kimeng'enya kinafanya kazi kwa nusu ya kasi yake ya juu. Ikifika mara 10 ya Km, kasi inakuwa 10 juu ya 11, karibu asilimia 91. Hapo kuongeza dutu hakubadilishi sana kitu, na kasi inategemea jambo moja unalolitafuta: kiasi cha kimeng'enya. Dutu ikiwa chache, unapima mchanganyiko wa mambo mawili bila kujua.

Namna ya kuhakikisha ni kusoma zaidi ya mara mbili. Dakika ya 1 umepata 0.21, ya 3 umepata 0.51, kasi ni 0.15 kwa dakika. Dakika ya 5 unatarajia 0.81 hivi. Ukikuta 0.62, mstari umepinda: dutu inakwisha, na kasi uliyoihesabu mwanzoni huenda nayo ilikuwa imeanza kushuka. Zimua zaidi, rudia. Sampuli zenye amilesi nyingi ndizo zinazopinda kwanza, kwa hiyo ukipuuza hili utazikata vilele siku zenye msongo mkubwa, yaani zilezile ulizozifuata.

Kila sampuli ipimwe mara mbili kwenye sahani moja ya maabara (ile yenye vishimo vingi vya kuwekea sampuli), na zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 zirudiwe. Sampuli za mtu mmoja zikae sahani moja. Anayepima asijue ipi ni ya siku ya kaida.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Sasa unarudi kwenye ile mishale. Njia ya kuitenganisha ni kura: siku zipangwe kwa bahati nasibu, nusu za kaida, nusu za shughuli nyingine yenye urefu uleule, mfano kukaa na kusoma ukurasa usiohusu soko. Lakini anthropolojia inakuonya hapo kwamba kaida inayotimizwa kwa amri ya mtafiti imeshakuwa kitu kingine, na kuizuia kwa mtu anayeiamini ni kumletea msongo mpya. Ukiona wametulia zaidi siku za kaida, huenda umepima uchungu wa kunyimwa. Pendekezo langu ni kuwa na siku za aina tatu: kaida kwa hiari yake kama kawaida, kaida kwa kura, na mbadala kwa kura. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili itakuambia amri yako imegharimu nini. Na kama mtu anasema kaida yake ni ibada, usiiingize kwenye kura kabisa; mtazame tu.

Kuhusu hesabu, washiriki 40 kwa siku 15 hawakupi vipimo 600 vinavyojitegemea. Vipimo vya mtu mmoja vinafanana, hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni siku: soko likianguka Jumanne, wote 40 wanatetemeka pamoja. Modeli yako ya takwimu ibebe mtu na siku kwa pamoja. John Coates na Joe Herbert, walipopima homoni za wauzaji 17 wa soko la fedha London kwa siku 8 za kazi, saa 5 asubuhi na saa 10 jioni, waliona kotisoli, homoni ya msongo, ikipanda sambamba na kuyumbayumba kwa matokeo ya mtu na kwa soko lenyewe, jambo ambalo wastani wa faida peke yake usingelionyesha. Makala yao ya 2008 inafaa kusomwa kwa udogo wake pia: watu 17, wote wanaume, na maswali mengi yaliyoachwa wazi.

Utakutana na siku ambazo safu zako tatu hazikubaliani. Mshiriki anasema alikuwa shwari, mate yanasema vingine. Usikimbilie kumwamini mmoja. Watafiti waliokwenda San Pedro Manrique, Uhispania, ambako watu hutembea juu ya makaa ya moto, walikuta watembeaji wakisema walikuwa watulivu huku moyo ukienda mbio, na katika makala ya 2011 walionyesha mapigo ya mtembeaji yakiwiana na ya ndugu na marafiki waliokuwa wakitazama, wala si ya wageni. Kumwita mtu yule mwongo kungekuwa ni kulipoteza jambo zuri kuliko yote: kwamba utulivu anaoutaja ni wa aina ambayo kipimo cha moyo hakikuundwa kuukamata. Siku kama hizo rudi kwenye daftari, soma safu ya "nilichokiona", kisha mpigie simu mshiriki.

Hatua ya 6: Kuandika na kurudisha

Sehemu ya njia za utafiti iandikwe na kila mtaalamu kwa upande wake, kisha isomwe na wale wawili wasioijua taaluma hiyo. Mwanabiokemia akiuliza "kaida ni nini hasa?" na jibu halimo kwenye makala, liongeze. Mwanaanthropolojia akiuliza kwa nini mate yamezimuliwa mara 200, vivyo hivyo. Kwenye matokeo, kila sentensi yenye neno "msongo" ibadilishwe iseme kilichopimwa: amilesi, au maneno ya mshiriki.

Kabla ya kuchapisha, mpelekee kila mshiriki maelezo ya kaida yake ulivyoyaandika, uyasome mbele yake. Yule wa kalamu mbili atakuambia kwamba ile ya kushoto ndiyo inayowekwa kwanza. Rekebisha.